Botulizimu ya Ng'ombe: Namna ya Kuitambua, Kuikabili na Kuizuia Malishoni

Ng'ombe anapolala chini asiinuke, wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hufikiria kwanza ndigana kali, kuumwa na nyoka au majani yenye sumu. Botulizimu hutajwa mara chache, ingawa mazingira yanayoizaa yamejaa katika nyanda zetu kavu: mizoga iliyoachwa baada ya ukame, mifupa iliyotapakaa malishoni, na mifugo yenye njaa ya madini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa kundi la malishoni na pia mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa, na unaegemea zaidi kwenye kinga, kwa kuwa ng'ombe aliyekwisha kulala kwa ugonjwa huu mara nyingi hanusuriki.

Sumu inatoka wapi

Botulizimu ni ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu, na hauambukizwi na ng'ombe mmoja kwa mwingine kama homa ya mapafu. Bakteria anayetengeneza sumu hiyo, Clostridium botulinum, huishi katika udongo, katika matope ya mabwawa na ndani ya matumbo ya wanyama wenye afya, akiwa katika hali ya spora, yaani mbegu yake iliyolala ndani ya gamba gumu, inayostahimili jua, ukame na hata maji yanayochemka. Mnyama anapokufa na mzoga kuachwa, oksijeni huisha ndani ya nyama inayooza, spora huamka, bakteria huzaana na kumwaga sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kipande cha ngozi kavu, mshipa ulioganda kwenye mfupa, au uboho uliooza, vinatosha kumwangusha ng'ombe mkubwa.

Sumu hizi zimegawanywa katika aina zinazotajwa kwa herufi, na zinazowaua ng'ombe kwa wingi ni aina ya C na aina ya D. Ikishapita tumboni na kuingia kwenye damu, sumu hufika pale neva inapokutana na msuli na kuzuia amri ya neva isipite. Msuli haukazi wala haukakamai: unalegea. Akili ya ng'ombe hubaki timamu, na kifo huja pale misuli ya kupumulia inapoacha kufanya kazi.

Spora na sumu hazishindwi kwa njia moja. Sumu yenyewe huharibika ikichemshwa kwa nyuzi 100 kwa dakika 10, lakini spora hustahimili joto hilo. Kwa hiyo mfupa uliochemshwa kisha ukatupwa tena nje ukiwa na mabaki ya nyama waweza kuwa hatari upya.

Kwa nini ng'ombe atafune mfupa

Ng'ombe hali mifupa kwa utundu. Chukua muda umtazame yule anayefanya hivyo: hujitenga kidogo na wenzake, huinua kichwa, mate yanamtiririka, na huuzungusha mfupa kutoka gego la upande mmoja hadi la upande mwingine, ukisikika unagonga meno. Aweza kusimama hivyo kwa muda mrefu akiwa ameacha majani mazuri mbele yake. Huyo anatafuta fosforasi, madini ambayo malisho yake hayampi ya kutosha.

Uhusiano huo ulithibitishwa Afrika Kusini. Wafugaji wa huko walikuwa wakipoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa kupooza walioujua kwa jina la lamsiekte, na kuanzia mwaka 1919 daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake walifanya majaribio katika shamba la Armoedsvlakte, karibu na Vryburg. Waligundua kwamba udongo wa eneo hilo, na hivyo nyasi zake, ulikuwa na upungufu mkubwa wa fosforasi. Upungufu ule ukawafanya ng'ombe watamani mifupa. Na mifupa yenye mabaki yaliyooza ndiyo iliyokuwa na sumu. Walipowapa ng'ombe unga wa mifupa uliotayarishwa vizuri, tamaa ya kutafuna mizoga ilipungua na vifo vikapungua pia. Hata magamba ya kobe waliokufa porini yalitambuliwa kuwa chanzo cha sumu, jambo ambalo mchungaji asingelidhania kwa urahisi.

Wanaoanguka mwanzo katika kundi la malishoni kwa kawaida ni wale wenye mahitaji makubwa ya madini: ng'ombe wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha, na mitamba inayokua. Maksai na madume huchelewa. Iwapo lakini wote waliokula kutoka hori moja wanaanguka kwa pamoja, madume kwa majike, shaka ielekezwe kwenye chakula au maji na si kwenye mifupa.

Kuitambua

Dalili hujitokeza kati ya siku moja na wiki mbili hivi baada ya ng'ombe kula sumu, na kadiri alivyokula nyingi ndivyo zinavyowahi. Aliyekula nyingi sana huweza kukutwa amekufa bila mtu kuona dalili yoyote. Wengine huanza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma: ng'ombe anabaki nyuma ya kundi wakati wa kurudi bomani, anaburuta kwato, anayumba anapogeuka, na akilala anainuka kwa taabu. Udhaifu huo hupanda kuelekea mbele hadi shingo na taya. Atasogelea maji na kutumbukiza mdomo bila kuweza kumeza vizuri. Majani yatabaki yamening'inia mdomoni au kujikusanya shavuni. Mate yatadondoka, si kwa kuwa yameongezeka bali kwa kuwa hayamezwi.

Kipimo kinachosaidia sana kule malishoni ni cha ulimi, lakini kabla ya kukifanya vaa glavu, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho humfanya ng'ombe atokwe mate na ashindwe kumeza, na mate hayo huua binadamu. Pale ambapo kichaa cha mbwa kimeonekana hivi karibuni, au ng'ombe anaonyesha ukali, anakoroma kwa sauti iliyokauka au amebadilika tabia, usimguse mdomo kabisa. Mwachie daktari wa mifugo. Ukiwa na uhakika wa kutosha, fungua mdomo taratibu na uuvute ulimi kidogo upande mmoja. Ng'ombe mzima hukunyang'anya ulimi wake papo hapo na kukusukuma kwa kichwa. Mwenye botulizimu huuacha mikononi mwako, na ukiuachia hubaki unaning'inia nje ya mdomo, au anaurudisha polepole mno. Wapo wagonjwa ambao ulimi wao haudhoofiki, kwa hiyo ulimi wenye nguvu hauondoi shaka.

Baadaye mgonjwa hulala kwa kifua, kichwa akikilaza ubavuni au kidevu akikiegemeza ardhini. Macho hufuatilia watu, masikio husikia. Kinyesi huwa kigumu na kidogo, kucheua hukoma, na upumuaji huhamia tumboni: kifua kinatulia huku ubavu ukipanda na kushuka kwa nguvu. Hapo muda uliobaki ni mfupi.

Joto la mwili lipimwe mapema, kwa sababu ndilo linalotenganisha botulizimu na magonjwa mengi ya kupe. Mgonjwa wa botulizimu kwa kawaida hana homa. Kipimajoto kitasoma nyuzi 38 hadi 39 na kidogo zaidi. Ndigana kali huja na homa kali na tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega. Ugonjwa wa moyo kujaa maji huleta homa pamoja na mwendo wa kurusha miguu juu au kuzunguka. Homa ya siku tatu huchechemeza na kulaza ng'ombe, lakini huanza na homa na wengi huinuka wenyewe baada ya siku chache.

Ugonjwa unaofanana zaidi na botulizimu kwa mkao ni homa ya maziwa, kwani ng'ombe aliyepungukiwa na kalsiamu baada ya kuzaa naye hulala na kugeuzia kichwa ubavuni. Tofauti ni kwamba huyo amezaa siku moja, mbili au tatu zilizopita, masikio yake ni ya baridi, na kalsiamu ikiingizwa na daktari kwenye mshipa mara nyingi huinuka ndani ya saa chache. Ng'ombe ambaye hajazaa karibuni, au aliyepewa kalsiamu na asibadilike, anahitaji kufikiriwa upya. Aliyelewa dawa ya kuogeshea huanguka muda mfupi baada ya josho, akitetemeka, akiharisha na mboni za macho zikiwa zimesinyaa, ilhali botulizimu haileti mtetemeko wa namna hiyo wala kuhara.

Mzoga unaotokwa na damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja usipasuliwe kwa hali yoyote, maana huenda ni kimeta. Hata mzoga usio na damu upasuliwe na mtaalamu. Katika botulizimu viungo vya ndani kwa kawaida havionyeshi kasoro ya maana, na hilo lenyewe ni kidokezo, hasa iwapo tumboni mnakutwa vipande vya mifupa, mawe, ngozi au vitambaa.

Maabara inaweza kutafuta sumu katika damu ya mgonjwa aliyechukuliwa sampuli mapema, katika yaliyomo tumboni, kwenye ini, na katika mifupa au chakula kinachoshukiwa. Sampuli ziwekwe kwenye barafu na kupelekwa haraka kupitia kwa afisa mifugo. Jibu la kwamba sumu haikuonekana lisikutulize: ng'ombe huathiriwa na kiasi kidogo mno, na mara nyingi damu yake huwa na sumu isiyofikia kiwango ambacho kipimo kinaweza kukiona. Historia ya kundi, dalili na kilichokutwa malishoni vina uzito uleule wa karatasi ya maabara.

La kufanya siku ya kwanza

Liondoe kundi lote mahali lilipo. Hatua hii itangulie hata kumhudumia mgonjwa, kwa kuwa walio wazima bado wanaweza kuwa wanakula kilekile kilichomwangusha mwenzao. Badilisha eneo la malisho, simamisha chakula kinachoshukiwa, toa maji kutoka chanzo kingine, kisha mtume mtu apite njia waliyolishia siku kadhaa zilizopita akitafuta mizoga na mifupa.

Mgonjwa aliyelala apelekewe kivuli, matandiko laini na maji karibu na mdomo, na ageuzwe upande mara kadhaa kwa siku ili misuli ya upande wa chini isife kwa uzito wake. Usimnyweshe chochote kwa chupa. Hapa ndipo wema unapoua, maana koo lililopooza haliwezi kuzuia maji, uji au dawa za mitishamba zisiingie kwenye mapafu, na ng'ombe ambaye angepona sumu hufa kwa kichomi. Maji na dawa ya kulainisha tumbo vipitishwe kwa mrija na mtu anayeijua kazi yake.

Tahadhari nyingine inahusu sindano. Katika maboma mengi, ng'ombe aliyelala huchomwa mara moja dawa mchanganyiko ya penisilini na streptomaisini, au oksitetrasaiklini, kabla ya mtu yeyote kujiuliza anaumwa nini. Antibayotiki haiondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye neva, na streptomaisini pamoja na jamaa zake kama jentamaisini huweza kuzidisha ulegevu wa misuli. Oksitetrasaiklini nayo haishauriwi kwa mgonjwa wa aina hii. Mweleze daktari unachoshuku kabla hajafungua mkoba. Dawa ya kupambana na sumu yenyewe ipo duniani, ila ni ghali, ni adimu, na hufaa tu ikitolewa mwanzoni kabisa.

Anayebaki amesimama, hata akiyumba, ana nafasi ya kupona, ingawa huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Aliyelala na kuanza kupumua kwa tumbo ni afadhali daktari ashauri akatishwe mateso. Nyama yake isiliwe na maziwa yake yasinywewe: aina za C na D ni nadra sana kumdhuru binadamu, lakini huko malishoni hakuna anayeweza kuapa kwamba ng'ombe huyo hakuwa na kimeta au kichaa cha mbwa.

Mizoga na mifupa

Mzoga wa mgonjwa wa jana ndio sumu ya kesho. Uchomwe hadi uishe, au uzikwe katika shimo la kina cha mita 2 hivi, mbali na kisima, mto na mkondo wa mvua, ukifunikwa kwa chokaa na udongo ulioshindiliwa, kisha juu yake pawekwe miiba ili fisi na mbwa wasifukue. Kuuchoma nusunusu ukabaki mifupa yenye nyama ni sawa na kutofanya kitu.

Katika nyanda za wazi kazi hii ni kubwa, sikatai. Baada ya ukame mkali mizoga huwa mingi kuliko nguvu za familia moja, na hapo inafaa uongozi wa kijiji au wa ranchi ya pamoja upange siku za kuokota mifupa kabla mvua hazijashika. Mvua za mwanzo ni kipindi cha kuogopwa: mabaki ya mizoga hulowa upya, majani mabichi huamsha ukuaji na maziwa, mahitaji ya fosforasi hupanda kwa ghafla, na ng'ombe aliyetoka ukameni akiwa mtupu huanza kuokota mifupa huku mwenyewe akidhani hatari imepita. Anzeni na maeneo ya karibu na maji, chini ya miti ya kivuli na kando ya njia za mifugo. Kumbukeni pia mifupa ya nyumbani, ile inayotupwa baada ya karamu na kubebwa na mbwa hadi malishoni.

Kuwapa fosforasi

Magadi hayana fosforasi ya maana. Yanampa ng'ombe sodiamu. Jiwe jekundu la kulamba linalouzwa dukani nalo, mara nyingi, ni chumvi yenye madini machache ya ziada, hivyo soma lebo utafute kiasi cha fosforasi kabla ya kulipa. Chanzo kinachotegemewa ni dikalisiamu fosfeti, ambayo wauza pembejeo huiita DCP na ambayo ina fosforasi ya takriban asilimia 18. Mchanganyiko rahisi ni sehemu moja ya DCP kwa sehemu moja ya chumvi ya kawaida kwa uzito, na ng'ombe mkubwa akilamba karibu gramu 100 za mchanganyiko huo kwa siku atakuwa amepata nyongeza ya kutosha katika malisho mengi yenye upungufu. Chumvi ina kazi mbili hapo: inavutia ulimi, na inamzuia mlafi asizidishe.

Weka mchanganyiko katika pipa lililopasuliwa kwa urefu au tairi kuukuu, chini ya paa dogo, mahali ambapo kundi hupita kila siku, na uweke vyombo vya kutosha ili wanyonge wasisukumwe pembeni. Mfugaji mwenye fedha kidogo asiache kutoa nyongeza wakati wa masika kwa kuona majani yamekuwa ya kijani, kwa sababu huo ndio wakati ambapo fosforasi huleta faida kubwa; katika kilele cha kiangazi kinachopungua zaidi huwa ni protini.

Pale DCP isipopatikana, mifupa iliyochomwa kwenye moto mkali hadi ikawa myeupe, ikavunjika kwa vidole na kusagwa, imekuwa ikitumika kwa usalama, kwa kuwa moto wa namna hiyo hauachi spora wala sumu. Mfupa mweusi au wenye harufu haujaiva. Unga wa mifupa usiojulikana umetayarishwaje usinunuliwe hata ukiwa wa bei nafuu. Tegemea pia kwamba ng'ombe aliyezoea mifupa hataacha mara moja. Huchukua wiki nyingi tangu aanze kulamba madini, na wengine hubaki na tabia hiyo. Ndiyo sababu uokotaji wa mifupa hauwezi kuachwa.

Chakula cha hori, saileji na maji

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayelisha bandani, hatari kubwa ni samadi ya kuku. Katika baadhi ya maeneo ya Kenya na Tanzania matandiko ya banda la kuku hukaushwa na kuchanganywa kwenye chakula kwa sababu ya protini yake nafuu, na kuku waliokufa humezwa humo bila mtu kuwaona. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa, maana hakuna macho yanayoweza kukagua kila gunia. Hata ikitumika kama mbolea, ifukiwe shambani kwa jembe, isirundikwe mahali ng'ombe wanapofika, wala isimwagwe juu ya nyasi watakazolishwa karibuni.

Saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) iliyoshindiliwa vizuri na kufungwa bila hewa huwa chachu kiasi kwamba bakteria huyu hawezi kukua. Iliyofungwa ovyo, yenye utelezi, harufu ya uozo au mfuko uliotobolewa na panya, itupwe. Wakati wa kufyeka majani ya saileji au ya hei, angalieni nyoka, panya na ndege waliokatwa na mashine, kwa kuwa mnyama mmoja mdogo ndani ya robota anaweza kusambaza sumu kwa kundi zima chakula kinapochanganywa.

Hori na matangi ya maji yakaguliwe kila siku, maana paka, njiwa au panya aliyezama huoza haraka. Lambo linalokauka na kubakiza matope yenye samaki waliokufa au ndege wa majini walioanguka lizungushiwe miiba, na maji yapampiwe nje kwenye birika.

Chanjo

Chanjo dhidi ya sumu za aina ya C na D ipo, na taasisi ya Onderstepoort ya Afrika Kusini ni miongoni mwa watengenezaji wake wa muda mrefu. Mtaalamu wa wilaya ndiye wa kuulizwa kuhusu upatikanaji na kibali cha kuiingiza. Ng'ombe anayechanjwa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa dozi mbili zinazopishana wiki 4 hadi 6, kisha dozi moja kila mwaka; maelekezo ya kwenye chupa ndiyo ya kufuatwa yakitofautiana na haya. Chanjo ihifadhiwe kwenye ubaridi, isigandishwe, na itolewe kabla ya msimu wa hatari, kwa sababu kinga haijengeki siku ya sindano.

Wengi hudhani kwamba kundi lililochanjwa kimeta na chambavu limekingwa pia dhidi ya botulizimu kwa vile bakteria wa chambavu ni wa ukoo mmoja na huyu. Halijakingwa, isipokuwa lebo iitaje botulizimu waziwazi. Ugonjwa ukishalipuka, chanjo itolewe kwa wazima pekee na huku chanzo kikiondolewa. Aliyekwisha kuanza kuyumba haitamsaidia. Andika tarehe ya dozi ya kwanza pamoja na alama ya kila ng'ombe, kwani atakayekosa dozi ya pili atahesabika miongoni mwa waliochanjwa huku kinga yake ikiwa haitoshi.